Chungu cha Ikombe Kina Mwenyewe

Huenda nyumbani kwako kimo chungu cha Kikisi. Aliyekifinyanga humjui, yamkini hata aliyekuuzia hamjui. Lakini ajuaye vyungu akikitupia jicho mara moja atakuambia kuwa kimetoka Ikombe.

Ikombe ni kijiji cha Wakisi wilayani Kyela, kati ya maji ya Ziwa Nyasa na milima ya Livingstone. Ufinyanzi huko ni kazi ya wanawake. Vyungu hupakiwa katika mitumbwi hadi soko la Lyulilo, karibu na Matema, kisha huenea mbali. Kazi hiyo ilikwisha kuwavuta wataalamu: mwaka 1977 S.A.C. Waane alichapisha uchunguzi wake juu ya mila ya ufinyanzi ya Wakisi wa Ikombe.

Binti hujifunza kwa mama yake. Kwanza huiga umbo na mapambo ya wote. Baadaye mkono wake huzoea, na mstari wake huwa wake. Hivyo chungu kimoja hubeba vitambulisho viwili: cha jamii na cha mtu.

Vijana wetu wanaosomea sanaa na usanifu nao hutakiwa kujieleza kwa alama. Wengi hudhani kwamba alama ya mtu ni lazima iwe ngeni. Marehemu Sam Ntiro hakudhani hivyo. Mzaliwa huyu wa Kilimanjaro alisoma Makerere, kisha akasoma London katika shule ya sanaa ya Slade, lakini aliendelea kuchora migomba na watu wa kwao wakifanya kazi. Alijulikana kwa hayo hayo.

Lakini kurudi nyumbani kuna wajibu wake. Kijana akiyachukua mapambo ya Ikombe, akayatia katika kitambaa au tangazo na kuandika jina lake peke yake, hajajieleza. Amemfuta mama aliyemtangulia. Msanii wa mjini hutia sahihi na kulipwa kwa jina lake. Mfinyanzi hulipwa bei ya chungu tu.

Kwa hiyo, mzazi, mwanao akikuonyesha mchoro wake, usiishie kuusifu. Muulize: alama hii umeitoa wapi, na ni ipi uliyoongeza wewe? Nawe ukinunua chungu, uliza jina la aliyekifinyanga, ulihifadhi. Kujua jina hakuna gharama, nako ni mwanzo wa kumpa mwenye kazi haki yake.