Ng'ombe dume akikosa kazi, kisu kinamsubiri

Babu yangu huko Mbeere, Kaunti ya Embu, alikuwa na maksai wawili, Jeshi na Kamanda. Kwa wewe uliyelelewa mtaani: maksai ni ng'ombe dume aliyehasiwa ili atulie, kisha akafunzwa kuvuta plau na mkokoteni. Ungeita "Jeshi!" kutoka mlangoni na angeinua kichwa.

Mwaka nilipojiunga na Fomu Wani, Jeshi aliuzwa. Kamanda naye hakukaa. Maksai aliyebaki peke yake ni kama kiatu kimoja, huwezi kutoka nacho nyumbani. Muhula uliofuata dalali alimpakia kwenye pikapu kuelekea kichinjio. Babu aliketi kando ya zizi mchana kutwa na chai ikapoa. Mimi nilikuwa na yunifomu mpya, na nilijua imetoka wapi.

Nimekumbuka haya kwa sababu ya binamu yangu. Mwaka huu aliacha kazi ya ulinzi Nairobi, akarudi Kiritiri na akiba yake. Sote tulijua atanunua bodaboda. Akanunua madume wawili wachanga. Kwenye grupu ya WhatsApp ya familia tulimcheka wiki nzima, mimi nikiwa mstari wa mbele. Baadaye nilienda kumwona, nikakuta ana daftari la hesabu, na kicheko kikapungua.

Embu ina sura mbili. Ukiwa juu, Manyatta na Runyenjes, ni chai, kahawa na ng'ombe wa maziwa kwenye vishamba vya miteremko. Hutaona plau huko. Teremka hadi Siakago, Ishiara, Kiritiri au Karaba na mambo hubadilika: ardhi tambarare zaidi, jua kali, ndengu, kunde, mtama na mahindi. Mvua huja mara mbili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na wakulima wa huko huitegemea zaidi ile ya Oktoba. Ni fupi. Ukichelewa kupanda wiki mbili, ndengu zako zitatoa maua mvua ikiwa imeshaaga.

Ndiyo sababu trekta haijamfukuza maksai. Trekta ni haraka, hilo halina ubishi. Ekari ambayo maksai wawili watailima kwa siku moja hadi mbili, au zaidi udongo ukiwa mgumu, trekta huimaliza kabla ya chai ya saa nne. Shida ni kwamba mvua ikinyesha Jumatatu, kijiji kizima humpigia dereva yuleyule Jumanne. Yeye huanza na wenye ekari kumi. Mwenye ekari moja na nusu yenye visiki na makinga maji husubiri, na mvua haisubiri naye.

Kwa hivyo kazi ipo. Tatizo ni kalenda, na hapo ndipo daftari la binamu lilinifungua macho. Tuseme maksai wanalima siku ishirini kila msimu. Hizo ni siku arobaini kwa mwaka. Zile siku 325 nyingine wanakula, wanakunywa, wanahitaji dawa ya kupe na mtu wa kuwalinda dhidi ya wezi. Bodaboda ikiegeshwa hainywi petroli. Ng'ombe huwezi kumzima. Ukiwa na ada ya shule ya kulipa na mnyama anayekula siku 325 bila kuingiza chochote, dalali akipiga hodi utamfungulia. Babu hakuwa mkatili. Kalenda ilimshinda.

Kuna balaa jingine ambalo wengi hawalifikirii. Kiangazi cha kuanzia Juni huisha Oktoba, na ndipo kazi ngumu zaidi ya mwaka huanza. Maana yake maksai huitwa kazini wakati wamekonda kuliko wakati mwingine wowote. Wanavuta plau wakiwa mifupa, wanalala kwenye mstari, na mwenyewe anachukua kiboko. Ukiona ng'ombe akichapwa shambani, mara nyingi hapo hakuna ukaidi, ni njaa. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, ipo miaka mingi, lakini hakuna sheria itakayomwekea maksai mabua ghalani mwezi wa Agosti.

Binamu anajaribu kuweka. Baada ya mavuno hachomi mabua ya mahindi wala hayaachi shambani yaliwe na mchwa. Huyafunga na kuyapanga kwenye dari la mbao juu ya zizi, pamoja na maganda ya kunde. Amepanda mistari ya nyasi za brachiaria kwenye kingo za makinga maji, kwa kuwa zinastahimili ukame. Anataka wiki sita za mwisho wa kiangazi zimkute na chakula. Pia kazi huanza alfajiri na kukoma jua likianza kuchoma, kisha nira inavuliwa na shingo zinakaguliwa. Kidonda cha nira msimu wa kupanda ni sawa na pancha siku ya mkutano wa kisiasa, pesa zinapita ukiziangalia.

Halafu anajaza kalenda. Maksai wakifunzwa vizuri hupalilia kati ya mistari, mradi ulipanda kwa mistari iliyonyooka. Huvuta mkokoteni wa maji, mawe ya ujenzi, mchanga, samadi na magunia ya ndengu hadi sokoni. Na ukivuka mpaka kidogo tu kuingia mashamba ya mpunga ya Mwea, Kirinyaga, utaona jambo ambalo watu wa Nairobi hula wali bila kulijua: baada ya trekta kuvuruga tope, ni ng'ombe wanaovuta ubao kusawazisha majaruba. Huko maksai ana kazi ya kulipwa, na hata wasiofuga hukodisha. Mbolea nayo ni mshahara. Samadi ya ng'ombe wawili wanaolala zizini inatosha mtambo mdogo wa gesi ya kupikia, na kinachobaki kinarudi shambani.

Upande wa Meru, shida ni ileile lakini imevaa nguo tofauti. Imenti ni nchi ya maziwa. Wakulima wengi huko huyapeleka kwenye chama chao cha ushirika, kile kinachouza maziwa ya Mount Kenya. Ng'ombe hasimami kutoa maziwa bila kuzaa, na nusu ya wanaozaliwa ni madume. Mtamba anasherehekewa. Dume anakunywa maziwa ambayo yangeuzwa, kwenye boma la robo ekari ambapo hata nyasi zinanunuliwa. Kwa hivyo anaondoka mapema, kwa bei ya kutupa. Wenye uwezo hununua mbegu zilizochaguliwa jinsia, zinazozaa mitamba mara tisa kati ya kumi, ila si kila mfuko unazifikia.

Nilidhani nimepata biashara: tuchukue madume wanaotupwa Imenti, tuwashushe Mbeere wakalime! Binamu alinitazama kama mtoto. Dume wa Friesian ni mkubwa, anakula sana, joto humtesa na kupe humuua. Ng'ombe wa kienyeji ni mdogo lakini hutembea juani, huvumilia kupe, na nundu yake huizuia nira isiteleze nyuma. Chotara anaweza kufaa, akiwa na damu ya kienyeji ya kutosha na akiogeshwa dawa bila kukosa. Basi, biashara yangu ikafa kabla ya kuzaliwa.

Wapo watu waliolivalia njuga swali hili hadi mwisho: Wahindu wa madhehebu ya Hare Krishna. Chama chao kilianzishwa New York mwaka 1966 na A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada, ambaye alifika Nairobi mwaka 1971. Hekalu lao liko Ngara. Kwao ng'ombe hachinjwi. Wanakunywa maziwa, ndiyo, lakini dume atakula hadi afe kwa uzee, na mama yake pia. Unaweza kusema ni mambo ya dini, hayatuhusu. Tazama hesabu kwanza. Ng'ombe anaweza kuishi miaka kumi na mitano na zaidi, na maziwa mazuri hutoka katika sehemu tu ya miaka hiyo. Nani analipia iliyobaki?

Majibu yao ni mawili. La kwanza ni bei. Mwaka 2011 huko Uingereza yalianza kuuzwa maziwa ya ng'ombe wasiochinjwa, na mnunuzi hulipa zaidi ya bei ya supamaketi kwa kuwa ndani ya chupa kuna pensheni ya kundi zima. Jaribu hilo kwenye duka la Gakoromone, mjini Meru, uone utauza chupa ngapi. La pili ni kuzalisha kidogo, kukamua ng'ombe mmoja kwa muda mrefu zaidi kabla ya kumpandisha tena, na kumpa dume kazi. Kwenye shamba la Bhaktivedanta Manor, karibu na London, nyumba ambayo George Harrison wa Beatles aliwapa mwaka 1973, maksai huvuta plau na mikokoteni. Lakini hata huko sadaka za waumini huziba pengo. Binamu hana waumini. Ana Kiritiri.

Kwa hivyo sitakudanganya kwamba huruma pekee inatosha. Kumbuka punda. Mwaka 2012 sheria iliruhusu achinjwe, ngozi ikapata soko China, na punda wa watu wakaanza kuibwa usiku, mpaka Februari 2020 Peter Munya, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Meru na wakati huo Waziri wa Kilimo, alipopiga marufuku. Mwaka uliofuata mahakama ikaondoa marufuku hayo. Katika vita vyote hivyo, watu waliompigania punda kwa sauti kubwa ni wale ambao humbebesha maji kila asubuhi.

Nilimuuliza binamu atafanya nini wakizeeka. Alinyamaza kidogo. Mpango wake ni kununua jozi ya pili wakubwa wakifika miaka saba, ili wafunze wadogo wakiwa kwenye nira moja, kisha wazee wabaki na mkokoteni mwepesi wa maji. Na baadaye? "Baadaye tutaona daftari linasema nini," akajibu, akiangalia pembeni.

Mwezi uliopita daftari lilikuwa na siku kumi na moja za kazi, nyingi zikiwa za kubeba mchanga. Anataka zifike kumi na tano. Wa kulia bado anavuta kuelekea majani kila wakipita kando ya shamba la jirani. Amemwita Kamanda.