Wazo Lipimwe Kabla ya Kuaminiwa

Wavuvi wawili wa Musoma wanaweza kupoteza nyavu usiku mmoja. Wa kwanza hujisemea, "Msimu huu umekuwa mgumu," akakopa nyuzi na kuanza upya. Wa pili hujisemea, "Mimi sifai kitu, nyumba hii ingepata nafuu nisipokuwepo." Huyu hujifungia ndani, hukosa usingizi, wala haonekani tena mwaloni. Hasara ni ile ile. Kinachotofautiana ni wazo.

Huo ndio msingi wa tiba ya fikra na tabia, iliyoasisiwa na daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck nchini Marekani katika miaka ya 1960. Tukio huamsha wazo, wazo huzaa hisia, nazo hisia huugusa mwili na kuongoza tendo. Tendo nalo hulirudia wazo: anayejifungia hakutani na yeyote wa kumwonyesha kwamba anathaminiwa, hivyo imani kwamba hafai huzidi kukomaa.

Tiba huukata mzunguko huo mahali pawili. Kwanza, mgonjwa hulitaja wazo lake, kisha yeye na mhudumu hutafuta ushahidi unaoliunga mkono na unaolipinga. Kumwambia "jipe moyo" si tiba. Pili, hupangwa tendo dogo. Mkulima wa pamba wa Bunda aliyeliacha shamba kwa sonona haambiwi apalilie eka nzima. Huanza na mistari miwili, akaangalia hali yake kabla na baada.

Hata hivyo, si kila wazo zito ni potofu. Mwanamke wa Butiama anayepigwa nyumbani na kuogopa kurudi ana hofu ya haki. Kubishana na hofu hiyo ni kumdhuru. Anachohitaji kwanza ni usalama, kupitia afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi.

Stadi hizi hufundishika hata kwa wasio wataalamu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wanasihi wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa waliwahudumia watoto waliofiwa na wazazi huko Moshi na Bungoma, Kenya. Watoto 640 walishiriki. Tiba ilipokwisha, katika maeneo matatu kati ya manne, waliopata tiba hii walikuwa na dalili chache za kiwewe kuliko waliopata huduma za kawaida. Mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo ilidumu Bungoma. Moshi makundi yote mawili yalikaribiana.

Mhudumu anayesikia maneno kama ya yule mvuvi wa pili aulize waziwazi kama mgonjwa anafikiria kujiua. Swali hilo halipandikizi wazo. Jibu likiwa ndiyo, mgonjwa asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe, na rufaa itolewe siku hiyo hiyo.