Kuunganisha Kengele ya Usalama na Wi-Fi ya Nyumbani

Kitovu cha kengele ya usalama ni kisanduku kidogo kinachopokea taarifa za vihisi vyote vya nyumba na kuamua la kufanya. Mlango ukifunguliwa wakati mfumo umetegwa, kihisi cha mlangoni hakipigi king'ora wala hakimtumii mwenye nyumba ujumbe. Kazi yake ni kukiarifu kitovu tu. Kitovu ndicho kinachowasha king'ora na kupeleka habari nje. Kwa hiyo kitovu kina mawasiliano ya pande mbili. Upande wa ndani kinasikilizana na vihisi, na upande wa nje kinawasiliana, kwa njia ya intaneti, na simu ya mwenye nyumba au na kampuni ya ulinzi aliyoipa kazi hiyo. Wi-Fi ni ya upande huu wa pili.

Tofauti hiyo haielezwi sana dukani, lakini ina uzito. Kihisi cha mlango ni sumaku na swichi ndogo: sumaku ikisogea mbali, swichi inabadili hali na ishara inatumwa. Kihisi cha mwendo hufuatilia mabadiliko ya mionzi ya joto ndani ya chumba, kama mtu anapokatiza mbele yake. Vyote viwili hutumia betri ndogo inayotarajiwa kudumu mwaka au zaidi, na redio ya Wi-Fi ingeimaliza upesi. Ndiyo maana watengenezaji wengi huvipa vihisi redio nyepesi, ya megahezi 433, au megahezi 868 kwa vifaa vya soko la Ulaya, au mfumo kama Zigbee. Matokeo yake ni kwamba Wi-Fi ikikatika, kengele haifi. Mwizi akivunja dirisha, king'ora kitalia vilevile. Kinachopotea ni habari kumfikia mtu aliye mbali.

Njia hiyo ya nje imewasumbua watengenezaji wa kengele tangu mwanzo. Augustus Russell Pope wa Somerville, Massachusetts, alipata hataza ya kengele ya umeme mwaka 1853: mlango au dirisha likifunguliwa, mkondo wa umeme unakamilika na kengele inagongwa. Aliyekuwa ndani alisikia. Aliyekuwa safarini hakujua lolote. Edwin Holmes, aliyenunua haki za uvumbuzi huo, alizieneza kengele hizo New York na baadaye kuziunganisha kwa waya na kituo cha ulinzi. Zikafuata simu za mezani, kisha laini za simu za mkononi, na sasa intaneti ya nyumbani. Kila njia huja na kikomo chake. Mwaka 2022 kampuni ya AT&T ilipozima mtandao wake wa 3G nchini Marekani, kengele za nyumbani zilizoutegemea mtandao huo zilihitaji kubadilishiwa kifaa cha mawasiliano, la sivyo zingebaki kulia kwa majirani tu.

Kabla ya kuunganisha, jambo la kwanza la kuangalia ni masafa. Ruta nyingi za leo hurusha Wi-Fi kwa bendi mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Bendi ya pili ina kasi zaidi, lakini hupoteza nguvu haraka inapokutana na ukuta. Kengele haihitaji kasi, kwa kuwa ujumbe wa "mlango wa nyuma umefunguliwa" ni mdogo kuliko picha yoyote inayotumwa WhatsApp. Kwa sababu hiyo, na kwa kupunguza gharama, vitovu vingi vimepewa redio ya gigahezi 2.4 pekee. Hapa ndipo wengi hukwama. Ruta ikiwa imezipa bendi zote mbili jina moja, simu hujiunga na ile ya gigahezi 5, kitovu hakiioni, na programu inatangaza kwamba imeshindwa bila kusema kwa nini. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya ruta na kuzitenganisha bendi hizo kwa majina mawili, au kuizima ile ya gigahezi 5 kwa muda mpaka kitovu kiunganishwe.

La pili ni mahali. Nyumba za matofali ya saruji, zenye nguzo na sakafu za zege lililojaa nondo, hula mawimbi ya redio kuliko nyumba za mbao ambazo miongozo mingi ya vifaa hivi imeandikwa ikizifikiria. Ruta iliyo sebuleni ghorofa ya chini huenda isifike chumba cha kulala cha juu. Kitovu kisiwekwe ndani ya kabati la chuma, nyuma ya friji au nyuma ya televisheni, na kisibanane na ruta; mita moja au mbili kati yao inatosha. Kisionekane pia kutoka dirishani, kwa sababu mwizi anayeijua kazi yake hutafuta kwanza kisanduku hicho akivunje. Programu nyingi huonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi. Hasi 50 ni nzuri sana, hasi 65 inafaa, na kuanzia hasi 75 kwenda chini kitovu kitakuwa kinakatika na kurudi. Asiye na kipimo hicho aende na simu mahali anapotaka kukiweka kitovu, aiunganishe na bendi ya gigahezi 2.4, na aone kama intaneti inafunguka bila kusitasita.

Kuunganisha kwenyewe huanza na programu ya mtengenezaji. Mwenye nyumba huipakua kwenye simu, hufungua akaunti, kisha huchomeka kitovu kwenye umeme na kungoja taa yake ianze kumweta. Akaunti hiyo ifunguliwe kwa barua pepe na namba ya mwenye nyumba mwenyewe. Ni kawaida fundi, kwa nia njema au kwa haraka, kusajili mfumo kwa anwani yake. Siku fundi huyo akibadili namba au akikosana na mteja, funguo za nyumba zinakuwa mikononi mwake.

Kitovu kipya hakijui jina la Wi-Fi wala nywila yake, na kwa kawaida hakina kibodi ya kuziandikia. Namna ya kuzifikisha hutofautiana. Vitovu vingine huzipokea kutoka kwenye simu kwa Bluetooth, na hiyo ndiyo njia isiyo na matata. Vingine vina kamera, na husoma msimbo wa QR unaoonyeshwa kwenye kioo cha simu. Njia iliyoenea zaidi kwenye vifaa vya bei ya chini ni kitovu kurusha Wi-Fi yake ya muda, yenye jina linalofanana na la kifaa. Simu inajiunga nayo, inakikabidhi jina na nywila ya Wi-Fi ya nyumbani, kisha kitovu kinaizima Wi-Fi ile ya muda na kuhamia kwenye ruta.

Njia hii ya tatu ina mtego mmoja. Wi-Fi ya muda haina intaneti. Simu za kisasa zikiona hivyo hurudi kimyakimya kwenye bando, na mazungumzo na kitovu yanakatikia njiani. Data ya simu izimwe mpaka kazi iishe, na simu ikiuliza kama ibaki kwenye mtandao usio na intaneti, ijibiwe ndiyo. Zaidi ya hapo, simu za Android huomba ruhusa ya kujua mahali ilipo simu kabla programu haijatafuta Wi-Fi za jirani, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020 huomba ruhusa ya kufikia vifaa vya mtandao wa nyumbani. Anayezikataa ruhusa hizo kwa tahadhari atalaumu kitovu bure. Anaweza kuzikubali, amalize, kisha aziondoe kama mfumo unaendelea kufanya kazi bila hizo.

Nywila ikishapokelewa, kitovu hujitambulisha kwa ruta, na ruta hukipa anwani ya ndani, mara nyingi inayoanza na 192.168. Kisha kinasawazisha saa yake kupitia intaneti, kwa kuwa saa ikiwa mbaya vyeti vya usalama vya seva vinaonekana vimepitwa na wakati au havijaanza kutumika, na mawasiliano yanakataliwa. Mwisho kinafungua njia ya siri kwenda kwenye seva ya mtengenezaji na kuiacha wazi, kikituma ishara fupi kila baada ya muda kuonyesha kwamba kipo. Kwa sababu kitovu ndicho kinachopiga hodi kwa seva, mwenye nyumba hahitaji kufungua mlango wowote wa mtandao (port) kwenye ruta yake, na mfumo unafanya kazi hata kwenye intaneti ya simu ambayo maelfu ya wateja hutumia anwani moja ya nje. Fundi anayesisitiza kufungua milango hiyo kwa ajili ya kengele ya aina hii aulizwe sababu.

Taa ikikataa kutulia, makosa ya kawaida ni machache. Nywila imekosewa herufi kubwa na ndogo, au nafasi tupu imejipenyeza mwishoni. Ruta imewekwa kukubali ulinzi wa WPA3 peke yake, na kitovu kinajua ule wa zamani, WPA2, tu. Wi-Fi ni ya hosteli au jengo la kupanga, inayotaka kila mtu aingie kwanza kwenye ukurasa wa kujisajili, jambo ambalo kitovu hakiwezi. Au kitovu kimewekwa kwenye mtandao wa wageni, ambao huzuia vifaa visionane, hivyo simu inakitafuta isikione.

Kosa kubwa kuliko hayo halionyeshwi na taa yoyote. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki hakuna ruta. Kuna simu ya baba au mama inayogawa intaneti kwa wengine. Kitovu kitaunganika na hotspoti hiyo vizuri kabisa na taa itawaka kijani. Asubuhi mwenye simu akienda kazini, anaondoka na mtandao. Kengele inabaki bila njia ya nje saa zilezile ambazo nyumba ni tupu. Kwa nyumba ya namna hiyo ni afadhali kitovu chenye nafasi ya laini yake, au ruta ndogo ya mfukoni inayobaki nyumbani. Ruta hiyo ina faida ya betri yake, ila mpangilio wa kulala inapokosa mtumiaji uzimwe. Bando nalo liangaliwe tarehe: kengele isiyo na kamera hula data kidogo sana, lakini bando la wiki huisha siku yake ikifika hata kama data imebaki.

Umeme ndio unaofuata kwa uzito. Vitovu vingi vina betri ya ndani inayodumu saa kadhaa umeme ukikatika. Ruta ya kawaida haina, wala kile kisanduku cha faiba kilicho ukutani. Kwa hiyo umeme ukikatika, kitovu kiko macho na hakina wa kumwambia. Wala si lazima gridi izimike: uniti za LUKU au tokeni zikiisha giza ni la nyumba moja, na pale ambapo swichi kuu iko nje ukutani mtu yeyote anaweza kuizima. UPS ndogo ya ruta huziba pengo hilo, mradi volti zake zilingane na zile zilizoandikwa kwenye adapta ya ruta, kwa kawaida 9 au 12. Kitovu chenye laini ya akiba ni bora zaidi, kwa kuwa huhamia kwenye mtandao wa simu chenyewe. Laini hiyo iondolewe PIN kabla ya kuingizwa, na iwe na salio.

Usalama wa Wi-Fi yenyewe haupaswi kuachwa nyuma ya yote haya. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta kwa wingi duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo wenye vifaa hawakuzibadilisha. Uingereza ilipiga marufuku nywila za namna hiyo kwa sheria iliyoanza kutumika Aprili 2024. Pasipo na sheria kama hiyo, kazi ni ya mnunuzi. Ruta itumie WPA2 au WPA3, kamwe si WEP, ambayo udhaifu wake ulithibitishwa tangu 2001. Njia ya WPS ya kuunganisha kwa PIN izimwe, kwa kuwa mwaka 2011 ilibainika kwamba PIN hiyo ya tarakimu nane inaweza kupatikana kwa majaribio yasiyozidi 11,000. Simu za wapangaji waliohama na wafanyakazi walioondoka zifutwe kwenye akaunti.

Hata hivyo mawimbi ya redio yanaweza kuvurugwa makusudi, na hakuna nywila inayozuia hilo. Kinga iliyopo ni ile ishara fupi ya kitovu kwa seva: ikikosekana, seva humjulisha mwenye nyumba kwamba kitovu kimenyamaza. Programu nyingine huacha arifa hiyo imezimwe, au huchelewa sana kuituma. Iwashwe, na muda wake ufupishwe.

Majaribio hufanywa baada ya kuwaarifu majirani na kampuni ya ulinzi. Simu itolewe kwenye Wi-Fi ya nyumbani na itumie data yake, mfumo utegwe, mlango ufunguliwe, na arifa ingojewe. Kisha swichi kuu ya umeme izimwe na jaribio lirudiwe. Arifa isipofika ilhali programu inaonyesha tukio limepokelewa, tatizo liko kwenye simu, na aghalabu ni mpangilio wa kuokoa betri unaoizuia programu isifanye kazi kioo kikiwa kimezimwa.

Jaribio hilo lirudiwe kila nywila ya Wi-Fi inapobadilishwa, kwa kuwa kitovu huendelea kutumia ile ya zamani na kubaki nje. Anayehamia kampuni nyingine ya intaneti anaweza kuepuka kazi hiyo yote kwa kuipa ruta mpya jina, nywila na aina ya ulinzi zilezile za ruta ya zamani. Kitovu kitajiunga chenyewe.