Mtoto wa mnyamapori aliyejeruhiwa: msaidie, lakini usimpe maziwa

Mama mmoja anayelima karibu na Maungu, kaunti ya Taita Taveta, alitupigia simu studioni akiwa na huzuni. Jioni moja mbwa wake walirudi nyumbani wakiwa wamebeba mtoto wa digidigi mdomoni. Aliwapokonya akiwa bado hai, akamfunga leso, akamweka kando ya jiko na kumnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Watoto wakamzunguka, huyu akimpapasa, yule akimbeba, hadi usiku. Alfajiri alimkuta amekufa.

"Nilimhurumia kama mtoto wangu," alituambia. "Nilikosea wapi?"

Hatuwezi kusema kwa hakika ni nini kilichomuua digidigi yule, kwa sababu tayari alikuwa ameumwa na mbwa. Lakini kuna mambo mawili yaliyomwongezea shida, na yote yalifanywa kwa upendo: maziwa na kubebwa-bebwa. Sisi tunaoishi kando ya Tsavo hukutana na watoto wa wanyama mara kwa mara, iwe shambani, kisimani au kando ya barabara. Makala haya yanaeleza la kufanya katika saa zile chache kabla wataalamu hawajafika.

Kwanza hakikisha ni yatima kweli

Mtoto aliye peke yake si lazima awe ameachwa. Digidigi, swala na pongo huwaficha watoto wao kwenye nyasi au kichakani, kisha mama huenda kula. Hurudi mara chache tu kwa siku kumnyonyesha. Mtoto hulala kimya bila kutikisika hata ukimkaribia, maana hiyo ndiyo kinga yake dhidi ya fisi na mbweha. Sungura naye huwaacha watoto wake mchana kutwa na kurudi giza linapoingia.

Kwa hiyo ukimkuta mtoto amelala kimya, hana jeraha na hakuna hatari karibu, ondoka. Funga mbwa, waite watoto nyumbani na uache shamba hilo litulie. Mama hawezi kurudi wakati umesimama hapo. Kama ulikuwa umemgusa au umemsogeza kidogo, mrudishe palepale. Watu wengi husema mama humkataa mtoto mwenye harufu ya binadamu, lakini mara nyingi kinachomzuia mama kurudi ni sisi wenyewe kukaa pale tukitazama.

Dalili kwamba anahitaji msaada ni hizi:

- anatoka damu, amevunjika mguu au ana jeraha lenye mayai ya inzi au funza;
- ameumwa na mbwa au paka, hata kama tundu la jino ni dogo;
- amenaswa na mtego wa waya;
- mama yake amekufa karibu naye;
- amelegea, masikio na miguu ni baridi, au analia kwa muda mrefu bila kujibiwa.

Usalama wako kabla ya wake

Usimsogelee kabla ya kutazama pande zote. Mtoto wa ndovu, nyati, kiboko, simba au chui usimguse kamwe. Mama anaweza kuwa hatua chache tu kutoka hapo, na hatauliza nia yako. Rudi nyuma, zuia watu na piga simu.

Hatari ya pili ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu haumpati mbwa peke yake. Mbweha, nguchiro, paka mwitu na mamalia wengine wanaweza kuwa nao, na hupita katika mate. Mnyamapori anayekujia bila woga, anayetokwa na povu au anayetembea akiyumba, usimshike hata kama ni mdogo. Popo pia usimshike kwa mkono.

Ukiumwa au kuparuzwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo. Usingoje uone kama utaugua. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Hatari ya tatu ni mzoga wa mama. Mnyama aliyekufa ghafla na kutokwa na damu puani, mdomoni au sehemu ya nyuma anaweza kuwa amekufa kwa kimeta. Usimguse, usimchune na usile nyama yake. Toa taarifa.

Piga simu kabla ya kufanya mengi

Mtu wa kwanza kumtafuta ni ofisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, katika kituo kilicho karibu nawe. Kama huna namba yake, mpigie chifu au naibu wake, mzee wa nyumba kumi au askari wa hifadhi ya jamii. Wao wanajua pa kupeleka habari. Katika eneo la Tsavo kuna madaktari wa wanyamapori wanaozunguka kuwatibu wanyama, lakini hawawezi kufika mahali wasipopajua.

Sema mambo manne: ni mnyama gani, ana ukubwa gani (kama paka, kama mbuzi), ana jeraha gani, na yuko wapi hasa. Taja alama ambayo mgeni ataitambua: shule, kisima, reli, tangi la maji. Kama simu yako inapiga picha, piga moja ukiwa mbali. Kama una kabambe, maneno yako yanatosha.

Kisha uliza: "Nimwache hapa au nimsogeze?" Fuata jibu utakalopewa. Kupiga simu mapema kunakulinda nawe pia. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kukaa na mnyamapori bila kibali. Aliyetoa taarifa tangu mwanzo anajulikana kuwa msaidizi, lakini aliyenyamaza wiki mbili atakuwa na maswali mengi ya kujibu.

Huduma ya kwanza hatua kwa hatua

Maelezo haya ni kwa mnyama mdogo, kama digidigi, sungura au mtoto wa swala, endapo umeambiwa umsogeze au yuko katika hatari ya wazi.

1. Mfunike. Mrushie leso au shuka polepole ili asione. Mnyama asiyeona hutulia haraka. Acha pua wazi apumue. Mkunjie miguu chini ya tumbo na umshike wima, kifua kikiwa chini. Usimlaze chali.

2. Mweke penye giza na kimya. Katoni yenye matundu ya hewa na kitambaa kikavu chini inatosha. Iweke chumbani, mbali na mbwa, redio na watoto. Usimchungulie kila dakika. Kwa jamii ya swala, hofu si jambo dogo: mnyama akikimbizwa na kushikwa-shikwa, misuli na moyo wake huweza kuharibika, akafa hata kama jeraha lenyewe halikuwa la kufisha. Kwake yeye, mkono unaompapasa ni mkono wa adui.

3. Mpe joto la kiasi. Usiku, au akiwa na baridi, jaza chupa ya soda maji ya moto usioumiza mkono, ifunge kwa kitambaa na uiweke upande mmoja wa katoni. Acha upande wa pili bila chupa ili ajisogeze akihisi joto limezidi. Badilisha maji yakipoa. Usimweke kando ya jiko, kwa sababu joto halina kipimo hapo na moshi unamziba pumzi. Mchana wa jua kali shida hugeuka: mweke kivulini penye upepo na usimtie chupa.

4. Zuia damu. Kama jeraha linatoka damu, weka kitambaa safi juu yake na ukandamize kwa dakika 5 hadi 10 bila kufunua. Damu ikipenya, ongeza kitambaa juu ya kile cha kwanza. Kama halitoki damu lakini lina uchafu, lisafishe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, ukitia kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita. Usipake majivu, mafuta ya taa, sabuni ya unga wala dawa ya kupe.

5. Mguu uliovunjika uache. Usiunyooshe na usiufunge vijiti. Sehemu finyu na tulivu itamzuia kujitonesha hadi daktari afike.

6. Waya wa mtego usiuvute. Kata sehemu inayomfunga kwenye mti, uache kitanzi kilichozama mwilini, kwa kuwa kukitoa kunaweza kufungulia damu nyingi. Kama kitanzi kiko shingoni na hawezi kupumua, kilegeze au kikate kwa koleo.

Tundu la jino la mbwa au paka lisikudanganye kwa udogo wake. Jino huingiza vijidudu ndani kabisa ya nyama, kisha ngozi hujifunga juu. Mnyama huyo anahitaji dawa kutoka kwa daktari hata kama leo anaonekana mzima.

Na usimpe dawa za maumivu za binadamu. Parasetamoli, kwa mfano, ni sumu kwa jamii yote ya paka.

Kwa nini asipewe maziwa?

Hapa ndipo penye ugumu, maana kwetu kumhurumia mtoto ni kumlisha. Lakini kuna sababu tatu za kungoja.

Ya kwanza ni mapafu. Mtoto aliyelegea hawezi kumeza vizuri. Maziwa au maji yanayomiminwa kwa kijiko hupita njia ya hewa, akapata ugonjwa wa mapafu au akazama papo hapo.

Ya pili ni baridi. Mwili ukipoa, tumbo husimama kufanya kazi. Chakula hukaa humo bila kusagwa na kumzidishia udhaifu. Kwa hiyo joto hutangulia, chakula hufuata.

Ya tatu ni maziwa yenyewe. Kila mnyama ana maziwa yake. Ya ng'ombe yamepangwa kwa ndama wa ng'ombe, na mtoto wa jamii nyingine huweza kuharisha hadi akaishiwa maji mwilini.

Tsavo yenyewe inatupa mfano. Daphne Sheldrick aliishi Tsavo Mashariki pamoja na mumewe David, mkuu wa kwanza wa mbuga hiyo, na alijaribu kwa miaka mingi kuwalea ndovu wachanga waliofiwa na mama. Walikuwa wakifa, kwa sababu hawakuweza kusaga mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Njia ilianza kufunguka alipojaribu maziwa ya unga ya watoto yaliyokuwa na mafuta ya nazi. Shirika lililoanzishwa mwaka 1977 kwa kumbukumbu ya David bado hulea ndovu yatima Nairobi na kuwarudisha porini, Voi ikiwa moja ya vituo vyake. Ikiwa mtu aliyeishi na wanyama kila siku alihitaji miaka kupata maziwa yanayofaa, sisi hatutayapata kwa usiku mmoja jikoni.

Kama msaada utachelewa hadi kesho, piga simu tena uulize kama apewe kitu, kiasi gani na kwa njia gani. Hadi uambiwe, usimtie kitu mdomoni.

Ndovu mchanga kisimani

Wakati wa kiangazi ndovu wachanga huweza kutumbukia visimani au kukwama kwenye tope la mabwawa. Wasaidie kwa kuwaweka watu mbali na kupiga simu haraka. Kelele za umati humtisha mtoto na kuifukuza familia yake, ilhali mara nyingi akitolewa anaweza kurudishwa kwa mama papo hapo. Ndovu wa chini ya miaka 2 hawezi kuishi bila maziwa, kwa hiyo kumtenga na mama yake bila sababu ni kumtia katika hatari kubwa.

Baada ya hapo, mkabidhi

Wapo wanaotaka kumfuga. Tumbili mdogo hupendeza, hucheza na watoto, hulala mapajani. Akikomaa huuma, huvunja vyombo na kuiba, naye hajui tena kuishi na tumbili wenzake. Digidigi aliyezoea mbwa wa nyumbani hatamkimbia mbwa wa mwindaji. Mkabidhi mapema, angali na nafasi ya kurudi porini.

Tukirudi kwa yule mama wa Maungu, tulimwambia kwamba alifanya vyema kuwapokonya mbwa na kumfunika leso. Kilichobaki ni katoni, chupa ya maji ya moto, mlango uliofungwa na simu moja. Wengine hufa hata wakifanyiwa yote haya, hasa walioumwa na mbwa, na hilo si kosa la aliyewaokota.

Leo, kabla hujakutana na mtoto yeyote wa mnyama, fanya jambo moja. Muulize chifu wako namba ya kituo cha KWS kilicho karibu, uiandike kwenye simu yako, na umpe jirani asiyekuwa nayo.