Una mriri nyumbani? Zijue faida zake, na hatari ya mbegu zake

Kiangazi kikikolea huko Kibosho, kuna mti unaopukutisha majani kisha unawaka maua mekundu kama moto. Wachaga wanauita mriri. Kwa Kiswahili ni mwamba-ngoma, na kitaalamu ni Erythrina abyssinica. Ni mti wa asili wa Afrika, na upo pia Kenya, Uganda na Ethiopia.

Wengi wanaukumbuka kwa miiba tu. Kabla hujaukata, au hujaupanda, soma haya.

FAIDA

Uzio hai: Kata tawi nene, lichomeke ardhini mvua zikianza, litachipua bila kupita kitalu. Isale huonyesha mpaka wa kihamba, lakini haimzuii mbuzi. Safu ya miriri iliyobanana itamzuia, na unaokoa hela ya waya na nguzo.

Rutuba: Mriri ni wa jamii ya mikunde, ndugu na maharage. Bakteria kwenye mizizi yake hunasa naitrojeni kutoka hewani, na majani yakioza yanalisha udongo.

Maua: Nyuki na ndege aina ya chozi hufuata utamu wake, tena wakati ambao miti mingi haina maua.

Mbao: Ni laini na nyepesi. Huchongwa ngoma, mizinga ya nyuki na vigoda.

HASARA

Miiba ipo kwenye matawi na hata kwenye shina. Kupogoa bila glavu si mchezo, na matawi yaliyokatwa yakiachwa njiani yatachoma miguu ya watu.

Kuni zake ni hafifu. Halafu ukitegemea kivuli chake kwa kahawa, kumbuka majani hupukutika kiangazi, jua linapokuwa kali.

KUBWA ZAIDI: MBEGU

Mbegu za mriri ni nyekundu, zina doa jeusi, na zinang'aa kama shanga. Ndiyo maana watoto huziokota, na watu huzitunga mikufu.

Ndani yake kuna sumu inayoweza kulegeza misuli hadi mtu ashindwe kupumua. Ganda gumu huizuia mbegu ikiwa nzima, lakini ikitafunwa, kusagwa au kutobolewa, sumu inapata njia. Mtoto akizila, usisubiri dalili. Mkimbize hospitali ukiwa na mbegu chache mkononi ili daktari azione.

Magome nayo hutumika kwenye tiba za asili. Usijipimie dozi mwenyewe, hasa ukiwa mjamzito. Pia, kubandua gome kuuzunguka mti mzima ni kuuua.

UUPANDE WAPI?

Nyuma ya shamba, kwenye mpaka na kando ya zizi ni sawa. Karibu na mlango, njia ya shule au uwanja wa watoto, hapana. Kama tayari upo hapo, fagia mbegu kila maganda yanapopasuka, na waonyeshe watoto mapema: hizi si pipi.