Risasi barabarani: kipande kidogo cha gurudumu kinavyoweza kumfikia mtoto wako

Ukisikia uchafuzi wa magari, pengine unafikiria moshi. Lakini gari huchafua barabara hata kwa magurudumu yake. Tairi zikilika huacha vumbi lenye zinki. Pedi za breki zikisagika huacha vumbi ambalo mara nyingi lina shaba na antimoni. Na kwenye ukingo wa ringi hubanwa vipande vidogo vya kusawazisha gurudumu, ambavyo katika nchi nyingi bado hutengenezwa kwa madini ya risasi.

Makala hii inahusu vipande hivyo. Kati ya madini tuliyoyataja, risasi ndiyo yenye madhara makubwa zaidi kwa mtoto. Pia ndiyo iliyo rahisi kuiondoa, kwa sababu kipande cha chuma hufanya kazi ileile.

Vipande hivi ni vya nini?

Tairi na ringi haziwi na uzito ulio sawa pande zote. Gari likikimbia, usukani hutetemeka na tairi huliwa upande. Ili kuzuia hilo, fundi huzungusha gurudumu kwenye mashine ya balansi, kisha hubana au hubandika kipande cha uzito pale panapohitajika. Kipande kimoja kwa kawaida huwa na gramu 5 hadi 60.

Risasi ilichaguliwa zamani kwa sababu ni nzito, ni laini na hukunjika kirahisi kufuata umbo la ringi. Ulaini huohuo ndio unaoleta tatizo.

Kinafikaje kwenye vumbi?

Gari likiingia shimoni, likigonga ukingo wa barabara au likifunga breki ghafla, kipande kinaweza kuchomoka. Hukaa barabarani, magari hukikanyaga, na kwa kuwa ni laini husagika kikawa unga. Upepo hupeperusha unga huo na mvua huusukuma pembeni, kwenye mitaro na udongo wa kando ya barabara.

Mtafiti wa Marekani, Robert Root, alifuatilia jambo hili katika mji wa Albuquerque kwa kutembea barabarani na kuhesabu vipande vilivyoanguka. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 2000, alikadiria kuwa barabara za mji huo mmoja hupokea zaidi ya kilo 3,700 za risasi kwa mwaka kutokana na vipande vya magurudumu pekee.

Risasi haiozi wala haiyeyuki ikaisha. Ikishaingia kwenye udongo hukaa miaka mingi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari, iliacha mwaka 2021. Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Kuendelea kuangusha risasi ileile kutoka kwenye magurudumu ni kurudisha kwa mlango wa nyuma tulichokitoa kwa mlango wa mbele.

Inamdhuru nani zaidi?

Watoto wadogo, hasa wanaotambaa na wanaotia kila kitu mdomoni. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwili wa mtoto mdogo unaweza kufyonza risasi iliyoingia tumboni mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima. Ubongo wake bado unakua, na risasi huuvuruga ukuaji huo. Matokeo yake yanaweza kuwa mtoto mzito wa kuelewa darasani, asiyetulia au mwenye hasira za haraka. Madhara hayo kwenye ubongo hayarudishwi na dawa.

Wajawazito nao wako hatarini. Risasi hujificha kwenye mifupa kwa miaka, na wakati wa ujauzito hutoka ikaingia kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni. Kwa watu wazima, huongeza shinikizo la damu na kuharibu figo.

Wengine wa kuangaliwa ni mafundi tairi, wafagiaji wa barabara, wauzaji wa vyakula kando ya barabara zenye magari mengi, na familia zao.

WHO inasema wazi kuwa hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Hatari kubwa zaidi: kuyeyusha

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia. Ndiyo maana kuna wanaookota vipande vya magurudumu na kuviyeyusha kutengeneza chubwi za mishipi na uzito wa nyavu. Moshi na majivu ya kazi hiyo huingia kwenye mapafu ya anayeyeyusha, na hubaki kwenye sufuria, sakafu na nguo. Saa moja ya kuyeyusha uani inaweza kumletea mtoto risasi nyingi kuliko vumbi la barabarani la muda mrefu. Usifanye kazi hiyo nyumbani, na sufuria iliyowahi kuyeyushia risasi isipikiwe chakula tena.

Ufanye nini?

*Ukiwa na gari au bajaji:*

- Ukienda kufanya balansi, sema mapema: "Fundi, naomba uniwekee vya chuma." Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vya risasi kwenye magari mapya tangu 2005, na jimbo la California tangu 2010. Magari yao hayatetemeki.
- Angalia maandishi kwenye kipande. FE ni chuma, ZN ni zinki, PB ni risasi.
- Kama hakuna maandishi, tumia sumaku. Chuma hunasa. Kisiponasa, na ni kizito, cha kijivu na kinachorwa kwa ukucha, huenda ni risasi.

*Ukiwa fundi:*

- Weka vipande vilivyotolewa kwenye kopo lenye mfuniko. Usivitupe chini, na usimpe mtoto achezee.
- Usipulize vumbi la breki kwa kompresa. Lifute kwa kitambaa chenye maji.
- Nawa kwa sabuni kabla ya kula au kuvuta sigara. Badilisha nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto, na zifuliwe peke yake.
- Kopo likijaa, mpe mkusanyaji mwenye kibali cha mamlaka ya mazingira: NEMC kwa Tanzania, NEMA kwa Kenya.

*Nyumbani karibu na barabara:*

- Vueni viatu mlangoni.
- Deki kwa maji. Kufagia kukavu huinua vumbi. Anayefagia nje anyunyize maji kwanza.
- Mnawishe mtoto kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala, na uoshe vitu vyake vya kuchezea.
- Osha mchicha na matembele yaliyolimwa kando ya barabara kwa maji mengi, mara kadhaa.
- Mpe mtoto mlo wa kutosha wenye madini ya chuma, kalsiamu na vitamini C: maharage, dagaa, mboga za majani, maziwa, machungwa. Mtoto mwenye njaa au upungufu wa chuma hufyonza risasi zaidi.

Lini uende hospitali?

Mara nyingi risasi haina dalili mwanzoni. Inapozidi, mtoto anaweza kuumwa tumbo, kufunga choo, kukosa hamu ya kula, kuishiwa damu au kuchoka ovyo. Dalili hizi hufanana na za minyoo au malaria, hivyo mweleze daktari mapema kama nyumbani kuna fundi tairi, mtu anayeyeyusha risasi au anayeshughulika na betri za magari. Akipata degedege au akipoteza fahamu, mkimbize hospitali mara moja.

Kipimo ni cha damu. WHO inashauri kwamba mtu akiwa na mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Damu ikichukuliwa kidoleni, kidole kioshwe vizuri kwanza, maana vumbi la ngozi linaweza kupotosha majibu.

Dawa za kutoa risasi mwilini zipo, lakini hutolewa na daktari kwa wenye viwango vya juu tu. Usinunue dawa za "kusafisha damu" mitaani. Tiba ya kwanza ni kumwondoa mtoto kwenye chanzo, au chanzo kwa mtoto.

Safari ijayo ukipeleka gari kubalansiwa, beba sumaku ndogo. Na ukikuta kipande cha risasi mlangoni au uwanjani wanapocheza watoto, kiokote kwa mfuko wa plastiki, kifungie kwenye kopo, kisha nawa mikono.