Mlio wa Mbele ya Gari Hauhukumiwi kwa Sikio Peke Yake

Barabara itokayo mjini Gisenyi kuelekea kusini hata Rubona si ndefu. Ni mwendo wa kilomita sita au saba tu. Hata hivyo, katika mwendo huo mfupi gari hupanda, hushuka na kukunja kona nyingi kandokando ya Ziwa Kivu, mpaka lifike penye kiwanda cha bia cha Bralirwa na mitumbwi ya wavuvi wa sambaza. Wageni huijua Rubona kwa chemchemi zake za maji moto, na kwa gesi ya methani ambayo ilianza kuvutwa kutoka ziwani mwaka 1963 kwa ajili ya mitambo ya kiwanda hicho. Dereva wa pikapu huijua kwa jambo jingine. Huko ndiko mteremko, breki na kona hukutana kwa wakati mmoja, na uzito wa gari ukaegemea gurudumu moja la mbele. Kiungo chochote kilicholegea kitasema hapo, kama kilikuwa kimenyamaza mjini.

Kwa askari jeshi na askari polisi jambo hili si dogo. Pikapu ndiyo gari letu la doria, la kubebea mgonjwa, la kupelekea chakula na la kubebea wenzetu walioketi nyuma wakiwa wameshika vyuma tu. Gurudumu la mbele likitoka mahali pake penye mteremko, walioketi nyuma hawana ukanda wa kuwazuia wala paa la kuwafunika.

Tunaifahamu pikapu moja iliyokuwa ikifanya kazi katika njia hiyo. Ilianza kutoa mlio wa "ko, ko" mbele, na dereva wake, koplo mzoefu wa kazi, aliapa kwamba mlio unatoka chini ya miguu yake, yaani upande wa kushoto. Ilipelekwa kwa fundi wa kwanza, naye akasikiliza mara moja, akatikisa kichwa na kutamka kwamba shokapu zimekufa. Zikanunuliwa mbili mpya, zikafungwa, fedha zikalipwa. Gari likashuka Rubona likilia vilevile.

Fundi wa pili alikuwa mtu mzima, na kabla ya kugusa spana alianza kwa maswali.

"Afande, linalia likiwa na mzigo au likiwa tupu?"

"Lote, mzee. Lakini likiwa na watu nyuma huzidi."

"Unapokanyaga breki, au unapoiachia?"

Koplo akafikiri kidogo. "Mara moja ninapokanyaga, na mara moja ninapoachia. Tena kwenye kila shimo."

"Na ukikunja kona ya kushoto?"

"Hapo ndipo hasa."

Maswali hayo matatu yalikuwa na thamani kuliko zile shokapu mbili. Gari likikunja kushoto, uzito hulalia magurudumu ya kulia. Dereva alisikia mlio kushoto kwa sababu chasisi ni chuma kirefu, nacho hupitisha sauti kama waya upitishavyo umeme. Sikio lililo ndani ya kebini hupokea sauti pale chuma kinapolikaribia, si pale inapozaliwa. Ndiyo maana mafundi wazuri hupenda kuweka kiganja juu ya kiungo wakati mwenzao anatikisa gari. Mkono hauambiwi uongo kwa urahisi kama sikio.

Kisha mzee akaamuru kila kitu kiteremshwe: jeki, mnyororo, viti vya chuma vya nyuma, gurudumu la akiba, hata debe la maji. Akazipima nati za magurudumu. Gari likazungushwa uwanjani, na nusu nzima ya kelele ikawa imekwisha. (Tumepata kuona doria nzima ikilalamikia springi, kumbe ni rungu moja lililokuwa likicheza chini ya kiti.) Iliyobaki ilikuwa ni ile "ko" nzito, moja moja.

Ukafuata mtihani ambao yeyote aweza kuufanya kwa kipande cha ubao. Stabilaiza ni ile fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana penye kona. Gurudumu moja likipanda juu ya ubao, fimbo hiyo husokotwa, na viungo vyake vikiwa vimekwisha hugonga. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, fimbo huzunguka tu bila kusokotwa, na mlio wake aghalabu hutoweka. Pikapu ile ilipandishwa ubao kwa gurudumu moja, ikalia. Ikapandishwa kwa magurudumu mawili, ikalia vilevile. Stabilaiza ikaondolewa katika orodha ya watuhumiwa.

Ndipo likaja suala la jeki, na hapa tunaomba msomaji atulie nasi, maana ndipo magari mengi hupewa cheti cha uzima yasiyostahili. Katika pikapu nyingi springi ya mbele hukaa juu ya wishboni ya chini, yaani ule mkono mpana unaoshika gurudumu kwa chini. Mwisho wa mkono huo pana boljointi, kichwa cha chuma cha mviringo ndani ya kikombe, kinachoruhusu gurudumu kupanda, kushuka na kugeuka. Uzito wa gari hupitia hapo. Fundi akiinua gari kwa kuweka jeki chini ya chasisi, springi huendelea kuusukuma mkono chini kwa nguvu, kichwa kikabanwa ndani ya kikombe chake, na hata kama kimelika hakionyeshi kucheza. Atalitikisa gurudumu, atalikuta kimya, na atasema zima.

Mzee yule alifanya hivyo kwanza, kwa makusudi, ili koplo aone. Gurudumu la kulia halikucheza. Kisha akateremsha gari, akahamisha jeki mpaka chini ya wishboni yenyewe, karibu kabisa na gurudumu, akaweka magogo ya kushikilia chasisi kwa usalama, na kuinua tena. Sasa springi ilikuwa imebebwa na jeki, na boljointi imebaki huru. Akapitisha mtaimbo chini ya tairi na kulinyanyua kidogo. "Ko." Sauti ilikuwa ileile ya Rubona, na kwa macho tuliona kichwa kikipanda ndani ya kikombe.

Lakini gurudumu linalocheza juu na chini laweza pia kuwa na beringi iliyolegea. Koplo akaambiwa apande na kukanyaga breki. Breki hushikamanisha gurudumu na kitovu chake. Ikiwa mchezo utakoma, kosa ni la beringi. Haukukoma. Kwa hiyo ilikuwa boljointi ya chini, upande wa kulia, na mpira wake wa kuzuia vumbi ulikuwa umepasuka, gresi imetoka na mchanga umeingia. Shokapu za zamani hazikuwa na hatia yoyote.

Kiungo hicho kikichomoka, gurudumu hulala upande, mwili wa gari hukalia tairi, bomba la breki laweza kukatika, na usukani hubaki pambo. Viungo vya usukani navyo ni hivyohivyo. Mwezi Agosti 2004, katika mkoa wa Kumamoto nchini Japani, Hilux Surf iliyotengenezwa mwaka 1993 ilikatika fimbo inayopeleka mgeuko wa usukani kwenye magurudumu. Ikaingia upande wa pili wa barabara na kujeruhi watu watano waliokuwa katika gari jingine. Oktoba mwaka huohuo Toyota iliyaita magari yapatayo 330,000 nchini humo ili fimbo hizo zibadilishwe. Polisi wa mkoa walilifanyia uchunguzi jambo hilo, wakiangalia kampuni ilijua nini na tangu lini. Wasomaji wetu wa polisi watatambua mara moja thamani ya swali la namna hiyo.

Njia zetu nazo hazivisamehi viungo. Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, mitetemeko ya ardhi ilipasua nyumba na barabara mjini Gisenyi. Hata pasipo mitetemeko, mvua na malori hutosha.

Milio mingine tuipitie kwa haraka. Mlio wa kukwaruza kama mlango mkavu kwa kawaida ni bushi za mpira. Zimwagie maji, na ukinyamaza kwa muda umempata mhusika. Mvumo unaokua pamoja na mwendo, ukabadilika gari linapoyumbishwa kushoto na kulia, mara nyingi ni beringi. Mlio wa "ta-ta-ta" usukani ukiwa umekunjwa hadi mwisho, katika gari linalovuta kwa magurudumu ya mbele au yote manne, ni viungo vya ekseli. Ukishuku bolti imelegea, chora mstari wa chaki kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma inachokikaza, uende safari moja, kisha utazame kama mstari umekatika.

Boljointi mpya ilifungwa jioni ileile, pini yake ikakunjwa, na magurudumu yakapimwa ulinganifu. Bolti za wishboni mzee alizikaza kidogo tu gari likiwa juu, akazimalizia likiwa limesimama chini kwa uzito wake, kwa kuwa bushi ikikazwa gurudumu likining'inia, mpira hubaki umesokotwa na kupasuka mapema. Koplo alitaka na ya kushoto ibadilishwe. Mzee akaipima kwa jeki na mtaimbo vilevile, akaikuta haichezi na mpira wake mzima.

"Hii iache, Afande. Ila andika leo umeipima, na kilomita ngapi."

Koplo akatoa kitabu cha gari, akaandika.